Kilo Nane

Shokapu za nyuma zilianza kulia mwezi wa tatu,
theluji ilipoyeyuka na mawe ya uwanja wa Telč kutokeza tena.
Jawa yetu ni ya mwaka sabini na sita,
nyekundu, isipokuwa pale ubavuni
goti langu lilipoimaliza rangi kwa miaka ishirini na sita.

Oldřich alikigandamiza kiti kwa viganja viwili, akakiachia.
Pikipiki ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka,
kama mtu anayeitikia kila anachoambiwa.
"Zimekufa," akasema.
Mafuta yalikuwa yamechuruzika hadi kwenye rimu,
na vumbi la barabara zote tulizopita limeganda humo.

Basi meza ya jikoni ikageuka duka.
Kulikuwa na za bei chee, kromu inang'aa
kushinda sufuria za mama mkwe.
Rahisi huvunja upishi, nikamwambia, na kiuno pia.
Kulikuwa na za Italia, bei sawa na jiko jipya,
na mimi jiko jipya nalihitaji.
Akazilaza zile kuukuu juu ya kitambaa changu,
akazipima jicho hadi jicho,
toka tundu la bolti la juu hadi la chini,
akaandika namba kiganjani,
akapima tena, kana kwamba chuma kingebadili kauli.

Mwisho akampigia Hrdlička, fundi wa Jihlava,
asukaye springi kwa mikono yake.
Mtu wa maneno machache.
Mwendeshaji kilo ngapi?
Themanini na nne, pamoja na buti.
Na wa nyuma?
Oldřich akaiziba simu, akanigeukia.

Nilikuwa namenya viazi.
Nikasema: sitini na tatu.
Kisu hakikutetemeka.
Ganda liliendelea kushuka, refu, moja, bila kukatika.

Zilifika baada ya wiki tatu, nyeusi, nzito, zimefungwa kwa gazeti.
Bolti ya chini kushoto iligoma;
ililala usiku kucha ndani ya mafuta,
asubuhi ikatoka kwa mlio wa jino.
Akatia bushi mpya, akapaka grisi kwa kidole kidogo,
akakaza huku nusu, kule nusu, huku nusu,
akaizungusha nyumba peke yake. Alirudi na uso wa kijana.
"Panda," akasema, "twende Dačice."

Kwenye mawe ya kwanza: gwaa!
Tairi limegonga madigadi.
Kwenye daraja: gwaa!

Alisimama. Nikashuka.
Akatoa ile spana yenye ndoano,
akapiga goti karibu na mguu wangu.
Mimi niliukazia macho mnara wa kanisa
kama mtalii aliyelipia kuuona.
Akaizungusha pete chini ya springi, ngazi moja. Tik.
Akahamia upande wa pili. Tik.
Tukaenda. Gwaa, lakini hafifu, kama mlango wa jirani.
Akasimama tena. Tik. Na upande wa pili. Tik.
Kisha kimya; barabara ikapita chini yetu
kama maji chini ya bata.

Hakusema neno.
Lakini karatasi ya Hrdlička ilikuwa bado mezani,
na nilikuwa nimeisoma kabla yake:
kila ngazi moja, kilo nne, kwa kukadiria.

Tulipolipita bwawa la kambare, lami ikiwa laini,
niliigongesha kofia yangu kwenye yake.
"Sabini na moja!"
"Nini?"
"Sabini na moja, Oldřich!"
"Nini? Upepo!"
Na upepo haukuwapo; matete yalisimama wima.
Nikapaza sauti mara ya tatu, mkulima akageuza kichwa.

Mabega yake yakaanza kutikisika.
Barabara pale ni nzuri.
Na shokapu, kama nilivyosema, zilikuwa mpya.